Taa Tatu za Bwana Khurana

Asubuhi ile Bwana Khurana aliingia kwenye banda la kupigia ndege picha, kule Sattal, akiwa amebeba taa tatu, miavuli mitatu ya kulainisha mwanga, na wivu wa miaka mitatu. Shemeji yake alikuwa amepata picha ya ndege wa koo jekundu, akaitundika sebuleni kwake Delhi, mahali ambapo mgeni hawezi kunywa chai bila kuitazama. Khurana alibakiwa na siku mbili kupeleka yake kwenye maonyesho ya klabu yao ya picha. Na mdomo ulishamponza: alikwisha kuwatangazia wanachama wote wamwachie ukuta mzima.

Mwenye banda, Jasuli, ambaye wageni humwita didi, yaani dada, alikuwa ameshamwaga funza juu ya jiwe lenye ukoga. Akamsaidia kuzificha taa vichakani.

"Punguza makali, bwana saab. Ndege yule si bibi harusi."

"Didi, wewe shughulika na funza wako," akasema Khurana, akaziweka zote nguvu ya mwisho.

Pembeni aliketi Hemlata Pathak, nesi mstaafu wa Almora, na kamera yake iliyofungwa plasta ya hospitali. Juu ya kamera kulikuwa na karimoti kadogo ka kuwashia taa, kama ka Khurana.

"Na taa zako ziko wapi, mama?"

"Sina. Mpwa wangu kaniuzia hiki, anasema kinaleta mwanga."

Khurana akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Umenunua swichi, mama, nyumba haina umeme! Lete nikuonyeshe." Akaichukua kamera ya nesi, akaipanga sawasawa na yake, itegemee taa peke yake. "Sasa piga uone giza la kwako." Hemlata akashukuru, lakini hakupiga. Hakutaka kumpotezea mtu muda.

Jasuli akawapitishia chai. "Kitendawili!"

"Tega," akasema nesi.

"Nazaa mimi, jirani ananilelea."

"Kekeo, anayetaga kwenye kiota cha mwenzake."

Khurana alikuwa bado anatafuta jibu kwenye simu, ndege akatua.

Koo lake, we! Jekundu kama kaa la moto. Hemlata akabonyeza kwanza. Vichakani taa zote tatu zikalipuka mwanga. Khurana akabonyeza: giza. Taa ya nguvu ya mwisho ikishatoa mwanga hukaa inanyonya betri, haina haraka na mtu. Zilipojaa tu, nesi akabonyeza tena. Radi! Khurana akafuata: giza.

"Betri gani hizi?" akafoka kwa kunong'ona, huku akiipiga kamera makofi.

Ndege akala funza wanne, akageuza shingo huku na huku, kisha akaenda zake.

Hemlata akatazama kioo cha kamera yake. "Jamani, mpwa wangu hakusema uongo."

Khurana akaona koo lile, kila unyoya peke yake. Jasuli alikuwa ameshaziweka rimoti mbili pamoja.

"Saab, zote ziko chaneli namba moja, vile zilivyotoka dukani; rimoti ya mama ndiyo iliyowasha taa zako. Hapa hatuwashi kitu bila kuuliza jirani yuko namba ngapi. Wewe uliuliza?"

Hakuuliza. Alikuwa anafundisha.

"Ule mwanga ni wangu!" akapiga kelele.

"Basi chukua mwanga wako, mwanangu," akasema Hemlata. "Ndege niachie."

Khurana akaukumbuka ule ukuta mtupu. Halafu sauti ikawa ya mtu anayeomba chumvi. "Didi Hemlata, je, tukiipeleka klabu... kwa majina mawili?"

Nesi alikuwa amewahudumia watu wenye kiburi miaka thelathini na nne, wakiwa wamelala kifudifudi wanangoja sindano. Akakubali. Kalamu ilikuwa yake, na maandishi ya chini ya picha akayaandika mwenyewe.

Jumapili klabu ilijaa. Shemeji akavaa miwani, akasogea kwenye ule ukuta mzima, akasoma kwa sauti ya kutosha hadi mlangoni:

"Picha: Hemlata Pathak. Mshika taa: Khurana."

Akaomba asome tena, maana wa nyuma hawakusikia.