Uzito wa Chungwa Moja

Mteja akishika koti dukani, kwanza hutazama rangi, kisha hutafuta karatasi ya bei. Mama huyu hakufanya lolote kati ya hayo. Aliligeuza koti ndani nje, akalilaza juu ya kaunta, akaanza kupitisha kidole gumba kwenye mishono yake, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu anayesoma barua iliyotoka kwa mtu asiyemwamini.

Muuzaji alimwacha aendelee. Watu walimwita Mizani, na jina hilo lilikuwa limemganda tangu enzi zake za upagazi mlimani, kwa kuwa aliweza kunyanyua mzigo kwa mkono mmoja na kukutajia uzito wake bila kukosea hata nusu kilo. Goti lilipomsaliti aliteremka mlimani asirudi tena, akaajiriwa katika duka hili la vifaa vya wapanda milima, kwenye barabara ya mwisho ya mji, pale ambapo upepo wa mlimani huingia bila kupiga hodi.

“Wewe ni fundi, mama,” alisema.

“Nashona sare za shule. Mwaka wa thelathini na moja huu.” Hakuinua macho. “Aliyeshona hapa alikuwa na haraka, lakini mkono wake ni mzuri. Kila kijumba amekifunga peke yake.” Alikiminya kimoja kati ya vijumba vile vilivyotuna. “Humu ndani mna nini?”

“Nyuzi za kiwandani. Ukizitazama utadhani pamba.”

“Basi silo.”

Alitoa simu kwenye mkoba. Kioo chake kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe, na chini ya ufa ule msichana alikuwa amesimama mbele ya kioo kirefu, amevaa koti la rangi ya chungwa, amekunja ngumi kama bondia, anacheka. Pembeni mwa kioo lilionekana bega la mwanamume na nusu ya sikio lake. Mizani alilitambua bega. Lilikuwa lake.

“Huyu ni binti yangu wa pili. Nesi. Nataka koti kama hili, lile lile.”

Hakuwa na haja ya kumwambia zaidi. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu manesi wanne wapande mlima siku za likizo yao. Mvua iliwakuta juu ya kibanda cha tatu, ukungu ukashuka, wakapotezana. Watatu waliteremka. Waokoaji walimtafuta wa nne kwa siku tisa, wakapata mkoba wake umeegemezwa kwenye jiwe kwa utaratibu, kama mtu aliyeingia mahali na kuuacha mlangoni. Siku ya kumi walirudi na macho yao chini, na hakuna aliyewauliza kitu.

Mizani alikuwa amezihesabu wiki hizo moja moja. Jumamosi ile ya kabla ya safari yao, duka lilikuwa limejaa. Msichana aliingia akilalamika kwamba mkoba wake ulikuwa tayari umemzidi kimo, akataka koti jepesi kuliko yote. Naye Mizani akaliweka lile la rangi ya chungwa kiganjani, akalipima kwa mbwembwe mbele ya watu. “Gramu mia tatu na kumi,” alisema. “Jepesi kama ahadi ya mgombea.” Msichana alicheka hadi wateja wengine wakageuka. Kulikuwa na maneno machache aliyopaswa kuyasema hapo. Hili lisilowe. Ukihofia mvua, chukua lile zito. Yalimfika hadi kwenye ulimi. Lakini watu walikuwa wanasubiri, na msichana alikuwa bado anacheka, na ni raha kwa mtu wa makamo, mwenye goti bovu, kuwa ndiye aliyemchekesha msichana mbele ya watu. Aliyameza. Akampiga hata na picha.

Tangu apate habari za mlimani hakumwuzia mtu koti bila kumhubiria mvua. Aliwaeleza hata wasiouliza, hata waliokuja kununua kamba za viatu, mpaka wengine wakaondoka mikono mitupu na mwenye duka akamwuliza kama alikuwa anauza nguo au anatangaza hali ya hewa.

“Hayo yamekwisha, mama,” alisema sasa.

“Na lile kule juu?”

Lilikuwa limetundikwa kwenye ndoano ya juu kabisa, la mwisho. Mizani alilitazama kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

“Lile dogo. Halitakufaa.”

“Mimi na yeye tunavaa saizi moja. Blauzi zangu zote alikuwa ananiibia.” Akatabasamu kidogo, tabasamu la kumsengenya mtu unayempenda. “Literemshe, mwanangu.”

Aliliteremsha. Mama aliligeuza ndani nje kama la kwanza, akalisoma mshono kwa mshono, kisha akalivaa na kufunga zipu hadi kidevuni. Lilimkaa sawasawa. Akafumba macho.

“Linapata joto upesi.”

“Ni manyoya ya bata, mama. Ndiyo sifa yake.”

“Ijumaa napanda. Nimempata mwongozaji amekubali kunifikisha kibanda cha tatu. Watoto wangu wengine wananiona nimeingiwa na wazimu. Nimewaambia siendi kumtafuta, wenye macho ya mlimani wameshamtafuta. Naenda tu ili isije kuwa hakuna mtu wa nyumbani aliyefika.”

Mizani aliitikia kwa kichwa. Mbele ya jambo kama hilo hakuwa na cha kuuza.

“Wenzake waliorudi hawanisaidii,” mama aliendelea, macho yake bado yamefumba. “Wanakuja kunipa pole, wanaanza kulia wao, mimi ndiye naingia kuwabembeleza na kuwapikia chai. Lakini moja waliniambia. Walipopotezana alikuwa amelivaa koti lake. Hilo ndilo ninalolalia na kuamkia. Najiambia, labda aliteleza, labda alipatwa na njaa, yote yanawezekana. Lakini baridi haikumgusa. Mwanangu alikuwa na joto lake.” Akafumbua macho. “Sivyo?”

Neno moja lingetosha. Ndivyo. Mizani alilitafuta, akaliona, akaona pia jinsi lilivyo dogo na jepesi. Mama angelilipia koti, angelikunja, angeondoka na faraja yake kifuani. Lakini Ijumaa ilikuwa siku tatu tu mbele, na tangu juzi kilele kilikuwa kimejifunika mawingu meusi, na mama huyu angepanda ndani ya mawingu hayo akiwa amevaa koti lile lile.

“Kwa safari yako, mama, chukua lile la kwanza,” alisema.

“Kwa nini?”

“Kuna mvua huko juu.”

“Mvua ina nini?”

Alikuwa ameukata mti, na sasa ulikuwa unaanguka upande alioukata mwenyewe.

“Manyoya yakilowa yanalala. Kinachotunza joto ni hewa iliyo katikati yake. Yakilowa yanashikana, kama kuku aliyenyeshewa. Hapo koti halipo tena, umebaki na kitambaa.”

“Na lile la nyuzi?”

“Lile unalikamua, unalivaa tena. Si kama kavu, lakini linaweza kukufikisha asubuhi.”

“Ila ni zito.”

“Limezidi kwa gramu mia moja na tisini.”

“Hizo ni kiasi gani? Mimi napima kwa futi kamba.”

Mizani alifikiri. “Kama chungwa moja, mama.”

Mama alikunjua kiganja chake, akakitazama muda mrefu, kana kwamba mtu alikuwa ameliweka chungwa pale.

“Ulimwambia hayo?”

“Hapana.”

“Alikuuliza?”

“Hakuuliza. Hakujua kama kuna la kuuliza. Aliyejua ni mimi.”

Basi yalikuwa yametoka. Kwa wiki tano alikuwa ameyaandaa maneno haya, akiyapanga na kuyapangua akiwa anapiga mswaki, akiwa anakunja mahema. Mficha maradhi kifo humuumbua, alijiambia, na akaamini kwamba kuyafichua ndiyo dawa. Akilini alimwona mama asiyemjua akimzaba kofi, au akimlaani, au akiangua kilio, na baada ya hapo yeye Mizani angeweza kupumua hadi chini ya mbavu. Alikuwa ameegemea kaunta kwa mikono yote miwili, anasubiri kofi lake.

Halikuja. Mama alikuwa anaitazama simu yake, lakini kioo kilikuwa kimeshazimika.

“Nilikuwa na kitu kimoja,” alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumtajia mtu vipimo. “Kimoja tu. Sasa nacho umekichukua.”

Mizani alitaka kusema samahani, akaona neno lenyewe linatia aibu. Miaka kumi na minane ya upagazi, amebeba mahema ya watu, majiko ya watu, mara moja hata mtu mzima aliyevunjika mguu, na hakuwahi kutua mzigo wake ukaangukia mgongo wa mwingine. Leo alikuwa amefanya hivyo. Ajabu ni kwamba hata yeye hakuwa amepata nafuu. Mzigo ulikuwa umeongezeka tu, sasa wanaubeba wawili.

“Maji yako wapi?” mama aliuliza.

“Nikuletee ya kunywa?”

“Bomba. Liko wapi?”

Lilikuwa uani, pale walipokuwa wanaosha mahema yaliyokodishwa. Mizani alionyesha kwa mkono, na kabla hajaelewa mama alikuwa ameshapita nyuma ya kaunta, ameshafungua mlango wa uani, koti la rangi ya chungwa likiwa bado mwilini. Alimfuata akichechemea. Alimkuta ameshika mpira wa maji, anafungua bomba.

“Mama, usifanye hivyo.”

“Nitalilipia.”

“Si habari ya kulipa. Haya maji yanatoka huko huko juu.”

“Ndiyo vizuri.”

Aliuinua mpira juu ya bega lake la kushoto, kisha la kulia, kisha kifuani, kwa mpangilio, kama mtu anayemwagilia tuta na hataki kuruka mche. Rangi ya koti ilikolea. Mwanzoni maji yaliteleza, na kwa pumzi chache Mizani alitumaini kitu ambacho alijua hakipo. Kisha vijumba vikaanza kusinyaa. Kimoja kililala begani, kingine kwenye kiwiko, mwishowe mstari mzima wa kifuani, hadi mwili mwembamba wa mama ukajichora ndani ya kitambaa kilicholowa. Alifunga bomba. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono wa mkono, akaminya pale palipokuwa pametuna.

“Ni kweli,” alisema. “Hamna kitu.”

Ua ule ulikuwa wazi upande wa mlimani. Upepo uliingia na kumkuta amesimama katikati ya dimbwi, mikono imening’inia, maji yanamchuruzika vidoleni.

“Mvua iliwaanza saa nane mchana,” alisema. “Wenzake waliniambia. Saa nane. Na kucha je, huko juu kunakucha saa ngapi?”

Mizani alijua jibu.

“Ingia ndani, mama. Tafadhali. Utaumwa.”

“Bado.”

Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Alikuwa anatetemeka sasa, kwanza mabega, halafu taya, naye hakujikunyata wala hakujikumbatia, alisimama vile vile akisikiliza, kama anayesubiri mtu aliye chumba cha pili amalize kusema. Dukani kengele ya mlango ililia. Mtu akaita, “Hodi! Wenyewe mpo?” Akaita tena. Kisha kengele ikalia mara ya pili na kukawa kimya.

Mizani hakujua la kufanya na mikono yake. Mwishowe alifanya lile ambalo mpagazi yeyote angelifanya. Alivuka dimbwi, akasimama kati ya mama na mlima, mgongo wake kwenye upepo, akajitanua alivyoweza.

Mama alimwinulia uso. Hapakuwa na hasira usoni pale, wala msamaha. Ilimchukua muda kuyatuliza meno yake hadi maneno yakapata njia.

“Sogea,” alisema. “Unanizuilia upepo.”

Alisogea.