Mkono Kichwani kwa Divina

…hapana, ulimi wangu, apa kwanza, hili halitoki, hata kwa shoga yangu Evaresta, ingawa Evaresta nimeshamdokeza nusu na nusu nyingine kaivuta mwenyewe, kwamba huyu Divina aliyesimama mbele yangu hapa nje ya kanisa, anayeitwa mjukuu wa Naisula, si mjukuu wa Naisula hata kidogo, wazazi wake walikimbia vita Kongo, wakaomba hifadhi, serikali ikasema hapana, wakapandishwa gari la kuwarudisha, na Naisula jirani yao akamfungia mtoto stoo ya mahindi hadi gari likaondoka… “Jogoo huyo, ongezeni, wapendwa, ni sadaka ya Bwana!” mzee wa kanisa anapiga mnada, lakini nani ana habari na jogoo, kanyang’anywa kipaza sauti na afisa mgeni wa uhamiaji, anasema mzazi akinyimwa hifadhi na mtoto kanyimwa, amfuate alikopelekwa, na anayemficha ana kesi… hebu, mtoto mwenyewe aliomba lini, alikuja mgongoni, ananyonya, anayenyonya anaulizwa nini, na kunyimwa kunarithiwaje, kama pua, kama ukoo, ningemuuliza yule kijana wa watu, ila ana miwani myeusi, mtu wa miwani myeusi hujui umemkuta wapi… “Koko, bibi wewe, unaongea peke yako,” Naisula ananinong’oneza, macho kwa Divina. “Nasali, mwanangu.” “Wewe?” Mbaya huyu, hata leo ananitania… ee, na mtendaji wetu wa kijiji Lengai anapita mstari wa watoto, ati anawasalimia, mjanja, anatafuta asiye wa hapa, watoto wa Kiarusha wakimwona mkubwa wanainamisha kichwa aguse utosi, hawafikirii, na Divina huinamisha akikumbuka, akiogopa hunyoosha mikono miwili kwa adabu ya kwao, ndivyo nilivyomgundua, utamu ulioje, wiki nzima nilikuwa navizia uani kwa Naisula nijue tu, basi tu nijue, na sasa ninajua, na huku kujua kumenikaa kooni kama mwiba wa samaki, wakimchukua atalala wapi, nani atajua kwamba hali maharage bila kuchambua maganda… “Sopa, baba,” Lengai anasalimu, kagusa kichwa cha kwanza, cha pili, zamu ya Divina, ile mikono miwili inainuka, Mungu wangu, inainuka, na mkono wangu mimi, sijautuma, umeshafika kisogoni kwake, umemwinamisha, zaidi, zaidi, hadi kidevu kimegusa kifua… jogoo bado ananing’inia hana mnunuzi, kipaza sauti kinavuma peke yake, mgeni kavua miwani, kanisa zima limegeuka. “Koko,” anasema Lengai, “huo mkono wako unafanya nini hapo?” Wote wanautazama, na mimi nautazama, na wenyewe, mkaidi, hautoki.