Mapazia ya Mheshimiwa

Jiwe lilikuwa bado na ubaridi wa usiku. Fortunata alijitwika kichwani juu ya ngata ya kanga kuukuu, akashika njia ya kupanda. Baragumu la msaragambo lilikuwa limelia alfajiri, na huku milimani Upare likilia hakuna anayekuuliza umeamkaje. Kazi ya kijiji ni ya wote. Asiyetokea hukosa zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa linalonywesha mashamba, na tangawizi haingoji mtu amalize msiba. Basi akabeba. Alibeba mawe ya kujengea kibaraza cha chekechea, darasa lilelile alimofia mwanawe, ili Mheshimiwa atakapopanda kutoka Same siku ya Ijumaa asikanyage tope.

"Dorkas," alimwita jirani yake aliyekuwa mbele. "Zile kamba za mapazia bado zinaning'inia?"

"Shoga, nina jiwe kichwani."

"Sikio halijabeba jiwe. Kamba ile imeungwa chini, ni kitanzi tayari. Mtoto akiingiza shingo halafu mguu ukateleza, basi. Halii, hapigi kelele. Unaweza kuwa hapohapo mlangoni unakoroga uji usisikie kitu. Hata nyumbani kwako, kamba yoyote inayomfikia mtoto ifunge juu."

Mwanamke wa nyuma akacheka puani. "Leo kamba. Kesho utatukataza kuvaa kanga."

Wengine wakacheka naye. Dorkas hakucheka, lakini aliongeza mwendo.

Mapazia yale hayakuwa ya kijijini. Ni yale ya vipande vya plastiki, ya kuvuta kwa kamba yapande yashuke, na watu waliyaita blaindi. Mheshimiwa aliyatoa kwenye nyumba yake ya wageni kule mjini alipoweka mapya. Madirisha ya huko ni marefu. Ya darasa ni mafupi, wameyajenga wenyewe kwa msaragambo. Kwa hiyo kamba zilibaki ndefu, zikashuka mpaka kwenye benchi wanapokaa watoto. Fundi alitaka kuzikata, akakatazwa. Zawadi ya mkubwa haikatwi kabla mwenyewe hajaja kuizindua. Ndivyo walivyosema, na ndivyo kamba zilivyobaki.

Siku ya msiba, Tumainieli, mwana wa Fortunata, alipanda benchi ili amwone baba yake akipita na mzigo wa tangawizi. Akaivaa kamba shingoni, watoto wenzake walisema alikuwa mbuzi, wanamvuta. Mwalimu Hedwiga alikuwa nje na sufuria la uji, peke yake na watoto wa kitongoji kizima. Aliporudi ndani, watoto walikuwa wamekaa wakimtazama mwenzao, wanangoja mbuzi aamke.

Fortunata alipofika chekechea alitua jiwe lake. Hakurudi kuchukua jingine. Alichomoa mundu kiunoni, akaingia darasani.

"Mama Tumaini, nakuomba!" Hedwiga alimdaka mkono. "Nitafukuzwa mimi."

"Wewe utafukuzwa. Mimi nimezika."

"Nani anapiga kelele humo?" Mwenyekiti wa kijiji, mzee Sadock, aliingia akijifuta vumbi la viatu.

Fortunata alishusha mundu. Malezi ni malezi. "Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Irine."

"Mimi ni Mama Tumaini."

"Marehemu haitwi ovyo. Unaye Irine, itwa kwa aliye hai." Aliutazama mundu. "Mkweo akikuletea kitenge, utakikata pindo mbele yake?"

"Kitenge hakijaua mtu."

"Na hapa nani kaua mtu?"

Hedwiga alianza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

"Basi zisikatwe," Fortunata alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na alijichukia kwa hilo. "Mnipe msumari mmoja kila dirisha. Nitagongelea mwenyewe pale juu, nizisokote, watoto wasizifikie. Msumari tu, Mwenyekiti."

"Mwanangu, sikiliza." Sadock alisogea karibu, akaongea kama mtu anayembembeleza ng'ombe. "Ukigongelea msumari leo, umesema jana kulikuwa na kosa. Kosa la nani? Langu? La Mheshimiwa? Huyu mtu ametuahidi bati za zahanati. Unataka ashuke Same akasimulie kwamba Wapare wa huku walimwita muuaji?"

"Ijumaa ikipita je?"

"Ikipita zitakuwa zimeshapigwa picha zikiwa hivyo, haziguswi."

Mchana, majembe yalipowekwa chini na kande kugawiwa, Sadock aliwakalisha watu mbele ya kibaraza. Alisifu kazi. Alitania vijana kwamba wanabeba mawe kama wachumba wanaobeba mayai. Watu wakacheka, wakalegea. Ndipo akamgeukia Zephania, mume wa Fortunata, aliyekuwa amejitenga pembeni na sahani yake.

"Zephania, nasikia shamba lako limekauka."

"Limekauka, Mwenyekiti. Zamu yangu ilirukwa. Tena ikarukwa."

"Mambo ya maji tutayaangalia. Kwanza tumalize hili la mtoto, maana mkeo anatisha wenzake. Sisi tuna asili yetu. Wazee walijua: mtoto akianza kuota meno ya juu, huyo ni kigego, na hawakumwacha aishi. Leo tumebatizwa, tunawaacha. Lakini balaa halijabatizwa." Aliacha maneno yakae. "Sisemi kitu mimi. Nauliza tu kama mzazi. Tumainieli alianza meno yapi?"

Fortunata alisimama. "Ya chini! Mawili ya chini, wote mnajua. Dorkas, si wewe uliyakuta yakitokeza, nikakuonyesha?"

Dorkas alikuwa akiokota punje za kande zilizoanguka kwenye gauni lake, moja moja.

"Nimemuuliza baba," Sadock alisema.

Zephania alitazama chini kwenye bonde, kule mfereji wa ndiva unakogawanyika. Ni yeye aliyemtia mtoto kidole mdomoni akang'atwa, akazunguka nyumba kwa nyumba akionyesha alama na kujisifu kwamba amezaa chui.

"Ya juu," alisema.

"Zephania!"

"Kaa chini, mama. Irine naye anakula," mumewe alimwambia.

Mkutano mzima ulishusha pumzi, kama watu walioambiwa ugonjwa hauambukizi. Mwanamke aliyekuwa amecheka njiani alijifunga kanga upya, akasema ndiyo maana, yeye alihisi zamani. Mwingine akamshika Fortunata bega kwa huruma ya kweli: angalau sasa ajue halikuwa kosa lake.

Jioni ile maji yalifika shambani kwao. Zephania aliyafuata kwa jembe, akifungua na kuziba, miguu imezama matopeni. Fortunata alimkuta amesimama katikati ya mistari ya tangawizi.

"Ulikuwa unamjua mtoto wako?" alimuuliza.

"Usiniulize."

"Nakuuliza Irine basi. Ijumaa haendi kule."

"Atakwenda. Mtoto wetu asipoonekana watasema na huyu tunamficha. Watafunga tena maji. Unataka tule nini, kamba?"

Fortunata alimpiga kofi. Zephania hakujikinga wala hakurudisha. Aliinama akaendelea kuziba mfereji.

Ijumaa watoto walipangwa mlangoni, nyuso zikiwaka mafuta. Mwenyekiti alikuwa ameweka utaratibu mpya, kwa usalama wa watoto, kama alivyotangaza. Kila mzazi aliulizwa kabla mwanawe hajaingia.

"Meno?"

"Ya chini," alisema Dorkas.

"Pita."

"Meno?"

"Ya chini, Mwenyekiti."

"Pita, pita, mgeni asikae juani."

Zephania alikuwa amembeba Irine begani. Fortunata alijaribu kumchukua. Wanawake wawili walimzuia taratibu, mmoja huku mwingine kule, wakimwambia pole, pole mama, usijiaibishe mbele ya mgeni. Alimsikia mumewe akijibu ya chini. Alimsikia Sadock akisema pita.

Alipowaponyoka alizunguka nyuma ya darasa, akasimama dirishani. Ndani, Hedwiga alikuwa akiwapandisha wadogo kwenye benchi ili Mheshimiwa awaone wote. Irine alikuwa wa mwisho, pale pembeni, kamba ikigusa bega lake. Alimwona mama yake nje ya kioo, akatabasamu.

"Shuka!" Fortunata alimwonyesha kwa mkono. "Irine, shuka hapo!"

Mtoto akampungia.

Mheshimiwa alikuwa mtu mchangamfu. Aliwaambia wazazi kwamba vitu hivi viko mjini tu, lakini watoto wa milimani nao ni watoto. Kisha akaifikia kamba juu ya kichwa cha Irine, akaivuta kuwaonyesha inavyofanya kazi. Vipande vya plastiki vikashuka, kimoja juu ya kingine, vikamficha mtoto machoni pa Fortunata: paji, macho, kidevu, benchi.

Fortunata aligonga kioo kwa viganja vyote viwili. Ndani walidhani ni wenzao walio nje wanapiga makofi, nao wakazidisha.