Maji ya Beseni la Sonara

Mke wa sonara alikuwa akisugua sufuria ndani ya beseni, na mumewe ameketi kando akiyangoja maji. Katika nyumba hiyo maji ya kunawia hayamwagwi. Sonara akimaliza kupiga tupa hunawa humo, huyaacha yatulie usiku kucha, kisha asubuhi huyachuja apate vumbi la dhahabu lililomganda vidoleni. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake.

Wiki hiyo hakuwa amegusa kazi. Hata hivyo, beseni lilikuwa linang'aa chini.

Mkewe alikuwa akichomwa sindano za dhahabu kliniki, kwa ajili ya baridi yabisi. Dawa ilimkubali. Vidole vilivyojikunja vilinyooka, akaanza kujisuka mwenyewe. Binti yao alikuwa karibu kujifungua, na mama alitaka jambo moja tu: ampokee mjukuu kwa mikono miwili, asimwangushe.

Kisha dhahabu ikaanza kumtoka majini. Sonara aliisugua kwenye jiwe la kujaribia, akaiona safi, akaifanya hereni za mteja.

"Wifi, kuna na mashuka haya," dada wa sonara alisema, akitua furushi.

"Si nimeyafua juzi?"

"Yafue tena. Mkono mtupu haulambwi, lakini wako umejaa, wifi."

"Nikikaa sana majini vidole vinajikunja."

"Kwani kesho huchomwi? Acha kudeka."

Kesho yake daktari alimbonyeza viungo, kimoja baada ya kingine.

"Dawa ilikuwa inakaa. Sasa mbona inapotea? Kuna kitu mnafanya nyumbani?"

Mke alimtazama mumewe.

"Hapana, daktari," sonara alijibu. "Ni kazi za kawaida tu."

Daktari akaongeza dozi.

Jioni mke alirudi kwenye mashuka. Kidole cha mwisho kilijikunja, kikafuata cha pete. Simu ikalia, wifi akapokea.

"Binti yako kashikwa na uchungu. Anakuita."

"Mwambie nakuja."

Alijaribu kusimama, lakini shuka lilikuwa limebaki ndani ya ngumi zake, na ngumi hazikufunguka. Sonara akapiga magoti. Akamkunjua kidole kimoja kimoja, taratibu, akiangalia tone lisidondoke nje ya beseni.

"Yaache yatulie," alisema. "Mashuka mawili yaliyobaki utamalizia kesho."