Moto wa Magunzi

Siku ya kumaliza matanga ya mzee Amoni, mwaka 1954, wanawake wa Ihanda walikaa uani wakichambua maharage, na wazee wakakitoa kile kiini ili kigawe shamba la kahawa la marehemu.

Kilikuwa kiini cha atomu, kikubwa kama boga, mzigo wa wanaume wanne. Mzungu mmoja mpima miamba aliwahi kukitazama, akasema ni cha urani ila kimekua kupita kiasi, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Kikipashwa moto kilitikisika, kikarefuka, kikabana kiunoni kama kibuyu, kikakatika vipande viwili. Matone mawili matatu yaliruka pembeni, yasionekane tena. Vipande hivyo ndivyo vilivyoonyesha mgawo. Vikilazwa pamoja jikoni, viliungana.

Mwalimu Lwitiko alikwisha kuwaeleza wazee: kikisisimka kidogo kwa moto hafifu hukatika kikubwa na kidogo, tatu kwa mbili, kikisisimka sana kwa moto mkali hukatika sawasawa. Wazee walimwelewa vizuri tu. Ila desturi ilisema moto wa urithi huchochewa na mtoto wa kiume wa kwanza, basi.

Huyo alikuwa Yonasi. Alikuja na kikapu cha magunzi ya mahindi. Magunzi, jamani!

Dada yake Nesta, mjane aliyeipalilia mibuni ile miaka sita, alikuja na mzigo wa kuni za miombo, ameubeba kutoka Nanyala. Hakutaka makubwa. Nusu ya shamba ingefika kwenye kaburi la mwanawe, Jenista. Sehemu mbili kati ya tano zingeishia hatua kumi kabla ya hapo.

"Kaka, kuni hizi hapa," alisema. "Ongeza moto, nakuomba."

"Moto unatosha," alijibu Yonasi.

"Baba Osea, mwambieni."

Mzee Osea, mkubwa wa wazee, alitazama chini. "Mwanangu, kiini ndicho kinachosema. Sisi tunasikiliza tu."

Kiini kikatikisika kivivu, kikakatika. Kikubwa cha Yonasi, kidogo cha Nesta. Kabla ya saa sita vigingi vya mpaka vilikuwa vimepigwa, na Yonasi akasema pale kaburini atapanda mibuni mipya, udongo wake mzuri.

Nesta alilia. Kisha akajifuta kwa ncha ya khanga, akaingia jikoni, kwa kuwa wageni walikuwa hawajala. Vipande vilikwisha kulazwa kando ya mafiga, vimeshaungana. Akazitia kuni zake zote. Maharage yalipochemka, kiini kikarefuka kwa nguvu, kikakatika katikati.

Akavipima vipande kwa kamba aliyofungia kuni, kimoja kimoja. Kamba ilikutana palepale.

Mzee Osea alichungulia mlangoni, akaona.

"Nusu kwa nusu," alisema kwa upole. "Maharage yameiva?"

"Yameiva, baba."

Akaiviringa kamba, akapakua, akaanza na sahani ya kaka yake.