Mgeni Asiyeumwa na Mbu

Jumamosi moja ya Julai mwaka 2009, Laurentine alikuwa jikoni kwake Tensta, huko Uswidi, akikamua maji kwenye sombe, majani ya muhogo, iliyotoka kuyeyuka barafu, mama mkwe wake alipoingia. Mlango ulikuwa umeegeshwa kwa sababu ya joto. Mama Xavérine alivua viatu vyake vya plastiki, akavipanga ukutani, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha na kukunja kitenge magotini. Alikuwa amefariki tangu Kwaresima, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na watu wa kanisa walimzika huko huko.

"Karibu, mama," Laurentine alisema, akaongeza maji ya bugali. "Pole na safari."

"Safari si mbaya. Kuna baridi kidogo njiani."

Sebuleni Emmanuella, mtoto wa miaka tisa, alikuwa akitazama televisheni. Bibi alipopita mbele yake alikunja miguu kumpisha, akasema, "Hej, farmor," kama wanavyosema watoto wa huko kumsalimu mama wa baba. Hakuwa amemwona ila kwenye picha.

Kwao mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala, na hata akishakula haulizwi ataondoka lini. Kwa hiyo walingoja Urbain arudi kutoka Kista, ambako alikuwa akisafisha maofisi. Aliingia, akamwona mama yake, akaweka mfuko chini, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mkono ulikuwa baridi kama wa mtu aliyekuwa akisuuza vyombo. Wakala. Walipokwisha kunawa, ndipo Urbain akauliza.

"Mama, miaka yote ile tulikuombea uje, wakakataa. Sasa umepitaje?"

"Nilikufa," alisema mama Xavérine, akichokonoa meno. "Njia hiyo haina foleni."

Urbain alisema ni kweli, haina.

Ofisi ya uhamiaji ilikuwa imewaeleza kwa upole kwamba familia ni mume, mke na watoto. Mama hayumo. Urbain alirudi kuuliza mara nyingi kama wamehesabu vizuri, wakamjibu kwa upole ule ule. Wakati huo kitanda cha mama kilikuwa kimeshanunuliwa, chembamba, cha mbao nyeupe, kikawekwa chumbani kwa Emmanuella. Alipofariki, Laurentine hakukiondoa. Alibadilisha shuka, akaanza kumwombea kibali mama yake mzazi, Magdalene, aliyekuwa hai bado kule kambini, kibanda kinachofuatana na cha marehemu. Mama Magdalene alikuwa na kifua kibaya na miguu iliyovimba, naye alikuwa peke yake sasa. Jibu lilikuwa linangojwa.

Jioni hiyo mama Xavérine alijilaza juu ya shuka zile mpya, akashukuru. Laurentine alisimama mlangoni akiangalia. Alitaka kusema kwamba kitanda hicho kina mwenyewe. Akamletea blanketi.

Mwaka huo mbu walikuwa wengi. Mvua za Juni ziliacha madimbwi kwenye uwanda nyuma ya majengo, na mbu walipanda hadi ghorofa za juu. Visubi nao walipenya pasipopenya hata uzi. Urbain alijipaka vitunguu saumu mpaka wenzake kazini wakamkimbia. Laurentine alichoma maganda ya machungwa kwenye sufuria, kama walivyofanya kambini, king'ora cha moshi kikalia jengo zima. Khamis, jirani wa chini, Mzanzibari dereva wa basi, alipanda ngazi akiwa na taulo begani.

"Mama Emmanuella, mnapika au mnachoma nyumba tuhame?"

"Tunafukuza mbu, jirani."

"Mbu mmewafukuzia kwangu!"

Kisha akamwona bibi dirishani, mikono wazi, dirisha wazi. Mbu waliingia, wakafika karibu naye, wakageuka.

"Shikamoo, bibi," alisema Khamis. "Huyu bibi hawamgusi."

"Amefariki," Urbain alimweleza.

"Inna lillahi." Khamis alishusha taulo begani kwa heshima. "Basi kesho mtuazime. Mke wangu Amne amevimba uso, ukimwona utadhani nimempiga. Watu wataniitia polisi bure."

Bibi aliazimwa. Chumba alicholala, mbu hawakukaa. Habari ilienea kanisani na msikitini, na mama Xavérine akawa analala leo huku, kesho kule, hata Hallunda, ng'ambo ya jiji. Wengine waliomwazima walikuwa wale wale ambao Urbain aliwahi kuwaomba wamsaidie kumpokea mama yake, wakasema nyumba zao ni ndogo. Sasa walipata nafasi. Walimtandikia vitanda vyao wenyewe. Asubuhi alirudi na kitenge chake begani, akanywa chai ya tangawizi, akamwita mjukuu wake.

"Lete mkono."

Emmanuella alinyoosha mkono. Bibi aligusa vipele kimoja kimoja, polepole, kama anayekagua mchele.

"Hiki walikuuma lini?"

"Igår."

"Jana. Na hiki?"

"Sluta, acha, farmor, unanitekenya."

Bibi alikunja mkono wa gauni lake, akaulaza mkono wake kando ya mkono wa mtoto. Wakangoja. Mbu mmoja alishuka, akazunguka juu ya mikono yote miwili, akatua kwa mtoto.

"Unaona," alisema mama Xavérine. "Mimi ananipita kama mlango wa nyumba iliyohamwa."

Alingoja tena wa pili, na wa tatu. Kila siku aliwangoja hivyo.

Mwishoni mwa Julai Urbain alipata likizo, akawapeleka kaskazini, kwenye vibanda vya kukodi kando ya ziwa, katikati ya misitu. Jua huko halikuwa na haraka ya kushuka. Lilikaa juu ya miti likiwatazama watu wakila, wakiosha vyombo, wakikosa la kufanya. Mwenye vibanda, mama mmoja wa Kiswidi mwenye viatu vya mpira, aliwahesabu kwa kidole.

"Mliomba vitanda vya watu watatu."

"Ndiyo. Huyu mama yangu hakuhesabiwa," alisema Urbain. "Ni marehemu."

Mama yule alimtazama mama Xavérine kuanzia kilemba hadi viatu vya plastiki. Alisema pole. Kisha akasema kwamba marehemu au si marehemu, anayelala anahitaji kitanda, na vibanda vyote vimejaa. Kanuni zake zinakataza mtu kulala chini.

"Basi atakaa nje," alisema Laurentine, na akaona haya kwa jinsi lilivyotoka haraka.

Mama Xavérine akakaa nje, kwenye benchi la barazani. Mbu walipanda kutoka ziwani kama moshi wa jiko la kuni mbichi. Wageni wengine waliacha nyama zikiungua, wakakimbilia ndani wakijipiga makofi shingoni. Baadaye mmoja aligundua kwamba kuzunguka benchi lile hapana mbu. Akasogea na kiti chake, mwenzake akasogea na mtoto. Mwenye vibanda naye alikuja, uso umejaa vipele, akasimama hapo akivuta pumzi.

"Kuna chumba changu," alisema. "Kinatazama ziwa. Anaweza kukaa hadi vuli akipenda."

Urbain alitafsiri. Mama Xavérine alisema asante, lakini mjukuu wake yuko Tensta.

Laurentine alikuwa kando, akijikuna vifundo vya miguu hadi damu ikatoka. Aliiangalia ile damu. Mama yake naye alikuwa na damu, na kifua kinachokohoa, na miguu inayohitaji daktari. Ndilo kosa lake lote.

Jibu lilifika wiki waliyorudi. Mama hayumo. Laurentine alinunua kadi ya simu, akampigia mama yake kupitia simu ya mchungaji wa kambini, kama siku ile alipompa habari za mgeni na safari yake. Alimweleza taratibu. Upande wa pili mama yake alisikika akimaliza kukohoa.

"Nimesikia," alisema mama Magdalene. "Xavérine bado yuko kwenu?"

"Yuko."

"Amenenepa?"

"Yuko vile vile, mama."

"Wanampokea vizuri?"

"Wanamgombea."

"Na baridi ya njiani, alisema inavumilika?"

Laurentine alielewa. Aliangalia kitanda cheupe, ambapo mama mkwe wake alikuwa ameketi akisuka nywele za Emmanuella. Neno alilotaka kusema halikuwahi kutoka kwenye mdomo wa mtu yeyote wa kwao tangu azaliwe. Hata adui akisema anakuja, anaambiwa karibu.

"Mama," alisema, "usije."

Kikohozi kikaanza tena, kikaisha.

"Basi neno lenu ni moja," alisema mama Magdalene, "wewe na ofisi." Hakusema kwa hasira. "Nipe Xavérine."

Mama Xavérine alikuwa ameshanyoosha mkono. Alipokea simu, akacheka, akamwita mwenzake kwa jina la usichana wao. Akauliza habari za jirani, za mihogo, za paa linalovuja. Kisha akateremsha sauti, akaanza kumweleza njia aliyopita: avae sweta mbili, asile jioni hiyo, akisikia anaitwa asigeuke nyuma, anyooke tu. Alieleza vizuri, kama anayemwelekeza mtu kisimani, na akarudia pale mwenzake alipouliza.

Laurentine alisimama mbele yake, mikono imening'inia. Simu ilikuwa mkononi mwa mama mkwe, na mama mkwe hanyang'anywi kitu mkononi. Akangoja wamalize.