Santuri za Maxwell

Rispah alizitoa mwenyewe. Hilo tuliseme mapema, maana baadaye alitafuta sana mtu wa kugawana naye lawama, akamkosa. Alizibeba kreti kwa kreti, santuri za ndugu yake mdogo Maxwell, kutoka chumba cha nyuma mpaka kando ya barabara, mbele ya nyumba yao pale Ingleburn, Sydney. Akazipanga karibu na kochi bovu lililokuwa likisubiri gari la kaunsili, halmashauri ya mtaa, la kuzoa taka kubwa. Halafu akajifuta mikono kwenye leso kama mtu aliyemaliza kuchinja kuku.

Nia yake ya kwanza ilikuwa kuzichoma. Katika kikundi chao cha maombi ya nyumbani, Wakenya na Warundi pamoja, vitu vya giza huchomwa watu wakiimba, ndivyo walivyolelewa. Lakini ilikuwa Januari, joto la kukaanga yai juu ya lami, na serikali ilikuwa imepiga marufuku mtu yeyote kuwasha moto nje. Sydney hii, jamani, hata shetani hachomwi bila ruhusa! Basi shetani akaachiwa kaunsili.

Na Maxwell alikuwa wapi? Hospitalini, amelala. Kiharusi kilimpiga wiki ya Krismasi, kikachukua mkono na mguu wa kulia, kikachukua na maneno. Mwanamume aliyekuwa akiongea mpaka chai ipoe, sasa akifungua mdomo kinatoka pumzi tu, na jasho linamtiririka.

Dévote, au Mama Iteka, kiongozi wa kikundi cha maombi, alikuja kuiombea nyumba. Alipofika mlango wa chumba cha nyuma akasimama. Juu ya jalada la santuri moja palikuwa na jicho kubwa la kijani. Juu ya jingine, fuvu lililovaa miwani. "Mama Jacky," akamwambia Rispah polepole, "humu ndani pana kitu." Basi, hayo tu. Mtu mwenye hofu haulizi mara mbili. Kesho yake Rispah akaanza kubeba.

Sasa, huyo Maxwell na muziki wake. Alikuja Sydney kusoma uhasibu, enzi zile ukimwona Mkenya stesheni unamkimbilia kumsalimia. Akawa anaosha vyombo hotelini, na wenzake wa jikoni wakampeleka kwenye dansi ndani ya ghala tupu. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Hakulewa wala hakuvuta. Alisema tu kwamba, kwa mara ya kwanza tangu atue Australia, alisahau kuwa ni mgeni, maana mle gizani hakuna aliyemuuliza anatoka wapi. Tangu siku hiyo kila alichobakiza kilikwenda kwenye santuri.

Na hadithi zake, lo! Rispah anakata sukuma wiki, yeye amesimama mlangoni akimweleza jinsi techno, ule muziki wake, ilivyozaliwa Detroit, mji wa viwanda vya magari, mikononi mwa vijana weusi, kwa mashine za bei rahisi ambazo wengine walizidharau. "Weusi kama sisi, dada!" Kisha ikavuka kwenda Ujerumani. Ukuta wa Berlin ukaanguka, vijana wa pande mbili wakakutana kwenye majumba matupu, wakacheza pamoja kabla wakubwa wao hawajamaliza kuandika hotuba. Kule Frankfurt wakaurefusha ule mdundo, wakaupandisha polepole, ngazi kwa ngazi, na hiyo ndiyo trance. "Watoto wa leo bado wanazitafuta hizi za zamani," alisema. "Unajua kwa nini? Hazina haraka. Zinakushika mkono mpaka ufike."

"Mm," Rispah akajibu. "Nipitishie kitunguu."

Siku chache baada ya kuzitoa, alikwenda hospitalini. Alimkuta mtaalamu wa kufundisha watu kusema upya, mwanamke mpole mwenye kicheko cha karibu. Akauliza kama mgonjwa ana muziki anaoupenda, maana ubongo ulioumia huweza kupoteza neno ukabaki na mdundo. Rispah hakuhitaji kuelezwa. Yeye mwenyewe ni nesi katika nyumba ya wazee; kila wiki huwawekea nyimbo za ujana wao, na wengine wasiomjua hata mtoto wao huimba mpaka mwisho. Akazikumbuka kreti kule barabarani.

Maxwell alikuwa ameshageuza kichwa. Kwa mkono wake mzima, wa kushoto, akachora duara hewani, kisha akamwelekezea dada yake kidole. Uso wake wote ulicheka, ule upande unaoweza kucheka.

"Ziko," Rispah akasema. "Ziko nyumbani, Max, zinakusubiri."

Uongo ulimtoka mwororo, hata yeye akashangaa. Aliendesha gari kurudi Ingleburn huku akimwomba Mungu acheleweshe lile gari la kaunsili, na kweli lilikuwa halijapita. Kochi lilikuwepo pale pale. Kreti hazikuwepo. Watu wa mji huu huzunguka na magari yao wakiokota kilichotupwa, na ni nani angeacha mali kama ile? Alibisha hodi nyumba hadi nyumba. Jirani mmoja alikumbuka kuona mume na mke wakipakia wakicheka, lakini hakuwajua. Binti yake Rispah, Jacky, akaandika tangazo kwenye ukurasa wa mtaa mtandaoni. Aliyejibu ni mtu mmoja tu, akiulizia kochi.

Jacky ni mtoto wa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alimtazama mama yake, akasema kwa Kiswahili, neno moja moja, "Mama, umemzika anko akiwa hai."

Rispah akaenda mtaa wa Villawood kwa Mama Iteka. Tuseme ukweli: alikwenda kutafuta mtu wa kumwambia kwamba alifanya vyema. Dévote alimkaribisha chai, akamsikiliza, kisha akaweka kikombe chini. "Mimi nilisema pana kitu ili tupaombee," akasema. "Sikusema ubebe vya mgonjwa." Haya, Rispah arudi nyumbani na mzigo wake.

Jacky alikuwa akimpelekea mjomba wake nyimbo zile kwenye simu, zile alizoweza kuzipata. Maxwell alitikisa kidole, mguu nao ukafuata. Maneno yakaanza kurudi moja moja: chai, Jacky, nyumbani. Lakini kila Rispah alipoingia, ule mkono ulichora duara, na kila mara yeye aliitikia kwa kichwa kama mjinga.

Ijumaa aliyoruhusiwa kutoka, Rispah alimsukuma mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amepaka chumba cha nyuma rangi na kupanga vyungu vya maua kwenye rafu ya santuri. Maua! Maxwell aliitazama ile rafu. Kisha akamtazama dada yake.

Neno "wezi" lilikuwa limeshafika ulimini. Nani angebisha? Wezi wapo kila mahali. Rispah akalimeza. Akapiga magoti, akaushika mkono wa ndugu yake, akakumbuka kwamba huo hausikii kitu, akaushika ule mwingine.

"Nilizitupa mimi," akasema. "Hakuna mwizi. Uliponyamaza niliogopa, Max, niliogopa sana, nikatafuta cha kulaumu, nikaziona zile. Nilizitoa nje na mikono hii. Nimezitafuta, hazipo. Nisamehe, ndugu yangu."

Maxwell akafungua mdomo. Jasho likamtoka. Jacky, aliyesimama mlangoni, akataka kumsaidia neno, Rispah akamzuia.

"Uli..." Maxwell akasema. Akapumua. "Ulizi... sikiliza?"

Hilo lilikuwa swali lake la kwanza tangu Krismasi. Miaka yote waliyokaa nyumba moja, Rispah alikuwa amepiga marufuku kelele zile sebuleni kwake, na Maxwell, bila kunung'unika, alizisikiliza peke yake kwa hedifoni.

"Hapana," Rispah akasema. "Hata moja, Max. Hata moja."

Maxwell akaitikia kwa kichwa. Kisha akautoa mkono wake, polepole, kutoka mikononi mwa dada yake, akauweka juu ya paja lake mwenyewe.